Kinoo cha marehemu mjomba hakina jina wala namba: ni jiwe gani, na kinafaa kazi gani?

PatasiButu

Wakuu, salaam. Nina jiwe linaloninyima usingizi, nimeona nililete hapa kabla sijaliharibu.

Mjomba wangu alikuwa seremala. Alipofariki zana zake ziligawanywa. Binamu zangu wakabeba mashine na misumeno, mimi nikaachiwa sanduku lililoitwa la takataka: patasi nne, randa moja ya chuma, tupa zilizokwisha meno, na kijisanduku cha mbao chenye mfuniko. Humo ndimo kilimokuwa hiki kinoo. Utotoni niliruhusiwa kushika karibu kila kitu pale karakana, hata gundi ya moto, lakini nikisogelea kile kijisanduku tu nilikuwa nasikia, "We! Weka hapo."

Sasa ni changu na sikijui. Kina urefu wa sentimita 15, upana 5, na unene 2.5 pale kingoni. Katikati kimelika. Nikilaza rula juu yake naona mwanga chini, na bonde lenyewe lina kina cha milimita 3 hivi. Rangi ni nyeusi tii, ila sidhani kama huo weusi ni wake wote, maana nikikishika vidole vinatoka na masizi yenye mafuta. Kona moja imevunjika na pale ndani panaonekana kijivu. Nimekigeuza huku na huku kwa tochi ya simu, sijaona herufi, namba wala muhuri. Upande wa chini sijauona kwa sababu kimeganda kwenye kijisanduku.

Nilichojaribu: nilichukua kisu cha jikoni, chuma cha pua, kilichokuwa butu kabisa. Nikamwagia jiwe maji, yakakusanyika matone matone kama juu ya jani la mgomba. Nikanoa nusu saa nzima. Kisu kikatoka kinang'aa kama kioo na hakikati kitu, karatasi inararuka tu. Nikaweka mafuta ya cherehani, mambo yakawa yale yale.

Kwa hiyo naomba kujua: hili ni jiwe gani? Ni la maji au la mafuta? Na kama si la visu, basi ni la nini? Maana yule mzee hakuwa mtu wa kutunza kitu kisichofanya kazi.

Mnoaji wa Zamani

Hiyo ni Arkansas, jiwe la asili la kunolea kutoka jimbo la Arkansas kule Marekani, tena ile nyeusi. Nimezishika nyingi. Jiwe jeusi, gumu, la seremala, lenye sanduku lake, limelowa mafuta, unataka ushahidi gani tena? Usiweke maji tena kabisa. Mafuta tu, na ulitumie kumalizia wembe. Una dhahabu hapo, mkuu, usimwonyeshe mtu.

Bi Tupa

Mwenzangu hapo juu ana haraka. Jiwe lolote likinyweshwa mafuta na unga wa chuma kwa miaka thelathini litakuwa jeusi, hata likizaliwa jeupe. Nimewahi kusafisha moja "jeusi" likatoka rangi ya chungwa. Lilikuwa la kiwandani, la oksidi ya alumini.

PatasiButu, kabla ya jina tulioshe kwanza. Litoe kwenye sanduku taratibu kwa kisu chembamba, usilibanjue. Lifute, kisha lilaze kwenye mafuta ya taa usiku mzima, nje, mbali na moto. Asubuhi sugua kwa mswaki wa zamani na sabuni ya maji. Rudia mpaka maji ya kusuuzia yawe meupe.

Likikauka, litazame kwa kioo cha kukuzia. Mawe ya kiwandani huwa na punje zinazofanana, zilizotawanyika sawasawa kama mchanga uliochujwa. Yakiwa ya silikoni kabaidi, punje ngumu zinazotengenezwa kiwandani, humetameta ukiyageuza kwenye jua. Mengi yana pande mbili, moja ya kukwaruza na nyingine laini, na utaona mstari ulionyooka pale zilipounganishwa. Jiwe la asili huwa na mishipa, madoa, au tabaka. Na ile kona iliyovunjika ndiyo shahidi wako mkubwa. Utuambie imevunjika vipi: kama chupa, yaani laini na kubonyea, au kama ubao uliopasuka, tabaka juu ya tabaka?

Halafu lipime uzito mara mbili. Kwanza likiwa kavu juu ya mizani ya jikoni. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, lifunge jiwe kwa uzi na ulitumbukize lining'inie ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, hapo umepata ujazo wake. Gawanya uzito mkavu kwa hiyo namba, upate gramu ngapi ziko kwenye kila sentimita moja ya ujazo wa jiwe. Ukimaliza lifute, ulipime tena ujue limekunywa maji kiasi gani.

Mwisho, upande usiotumika, dondoshea siki tone moja, kisha kwaruza mahali pengine kwa ncha ya msumari. Usikwaruze uso wa kunolea nikalaumiwa mimi.

Kijana wa Randa

Yote hayo ya nini? Litie kwenye sufuria ulichemshe na sabuni, mafuta yote yanatoka ndani ya saa moja.

Bi Tupa

Usichemshe! Jiwe likiwa la tabaka, joto la ghafla linaweza kulipasua vipande viwili. Na kama kuna gundi imeunganisha sehemu mbili, ndiyo kwaheri. Mafuta yamekaa humo miaka mingi, siku mbili zaidi hazitamuumiza mtu.

PatasiButu

Nimerudi. Siku tatu, si mbili.

Kulitoa sandukuni ilikuwa kazi, maana mafuta ya zamani yalikuwa yamegeuka utomvu. Maji ya kwanza yalitoka kama wino. Ya tano yakawa meupe. Na jiwe si jeusi! Ni la kijivu cha mawingu ya mvua, limeelekea kidogo kwenye kijani, na lina mstari mmoja wa zambarau, mwembamba kama unywele, unaokatiza kwa mshazari. Upande wa chini bado una alama za msumeno, na katikati yake kuna kipande cha karatasi ukubwa wa ukucha kilichobaki kimeganda. Nilishusha pumzi nikasogeza kioo. Hakuna hata herufi moja, karatasi tupu ya manjano.

Kona iliyovunjika imepasuka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Naweza kuhesabu tabaka kwa ukucha.

Uzito mkavu gramu 498. Kwenye maji mizani ilisoma 181. Baada ya kulowa robo saa na kufutwa, 498 ile ile. Siki imekaa tu, haikutoa povu. Msumari umechimba mstari mweupe unaoonekana, na nikipitisha ukucha naukwaa.

Nilisugua pia kipande cha msasa laini juu yake na maji kidogo. Utope uliotoka ni wa kijivu.

Dada Bi Tupa, soma hayo matokeo. Mimi nimegawanya nikapata 2.75 na sijui la kufanya nayo.

Bi Tupa

Sasa tunaongea.

Anza na 2.75. Jiwe la Arkansas ni mwamba uitwao novakulaiti, na novakulaiti karibu yote ni kwatsi tupu, yale madini magumu yaliyomo kwenye mchanga. Kwatsi isiyo na tundu hata moja ina 2.65. Mawe ya Arkansas hupungua kutoka hapo kulingana na vitundu vilivyomo: yale laini huwa 2.2 na kitu, yale magumu kabisa hukaribia 2.6. Hakuna namna novakulaiti ikawa nzito kuliko kwatsi iliyoiunda. Kwa hiyo Arkansas imetoka. Na msumari unathibitisha, kwa sababu kwatsi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs. Msumari ungeacha alama ya chuma juu yake, usingechimba.

La kiwandani pia limetoka. Hayo mara nyingi yana vitundu yakanywa maji na kutoa viputo, na hayana tabaka wala mshipa wa mshazari. Halafu mawe ya silikoni kabaidi yalianza kupatikana baada ya Edward Acheson kuigundua kwenye tanuru la umeme mwaka 1891. Mafundi wa kabla ya hapo walinoa kwa mawe ya ardhini, na wengi waliendelea nayo hata baadaye kwa ajili ya kumalizia.

Kungekuwa na povu kwenye siki ningesema jiwe lina chokaa. Halina. Lingekuwa kotikuli ya Ubelgiji, ile ya manjano, utope ungekuwa mweupe kama maziwa, na jiwe lingekuwa zito zaidi kwa sababu limejaa punje za garneti, madini magumu na mazito.

Kinachobaki ni jiwe la sleti, mwamba laini wa tabaka tabaka. Tabaka, mshipa wa zambarau, kijivu-kijani, 2.75, halinywi maji: vyote vinaelekea huko. Mawe ya kunolea ya jamii hiyo yalichimbwa Wales, yalichimbwa Thuringia kule Ujerumani, na kwingineko pia. Mengi yaliuzwa na karatasi ya jina iliyobandikwa tu, na karatasi na mafuta hazijawahi kuelewana. Hicho kipande cha ukubwa wa ukucha ndicho jina la jiwe lako, pole. Machimbo yenyewe siwezi kukutajia kwa kuangalia rangi, na atakayekutajia kwa uhakika kupitia picha ya simu usimpe hela.

Kuhusu kisu chako: ndani ya sleti kuna punje ndogo sana za kwatsi zilizoshikwa na madini laini zaidi. Linakula chuma polepole mno. Kisu kilichokuwa butu kabisa kilihitaji kuchongewa makali upya, na wewe ulikipeleka kwa mpiga rangi kabla ya mwashi kumaliza ukuta. Ndiyo maana kiling'aa. Uliking'arisha ubutu wake.

Mnoaji wa Zamani

Nakubali, Arkansas imenishinda kwa hesabu. Sikuwahi kufikiria kulitumbukiza jiwe kwenye bakuli la mizani, miaka yote hii naangalia rangi. Ila kuhusu wembe nashikilia hapo hapo. Sleti nzuri inamalizia wembe vizuri sana.

Bi Tupa

Hapo hatugombani kabisa, mzee wangu.

Fundi Bobari

Naomba niseme jambo kuhusu lile bonde kabla mtu hajakimbilia msasa. Milimita 3 kwenye jiwe la sleti ni kazi ya kuvunja mgongo, na unapoteza jiwe ambalo huwezi kulirudisha. Upande wa chini bado una alama za msumeno, maana yake haujawahi kutumika. Nyoosha huo. Huenda ni nusu milimita tu.

Bonde liache lilivyo. Patasi na bapa la randa vinahitaji uso ulionyooka, la sivyo mgongo wa patasi unabinuka na haikai tena sawa juu ya ubao. Lakini bobari (patasi zenye makali yaliyopinda), shoka na visu vya kuchongea havijali bonde. Mimi nina jiwe moja lililopinda kama mgongo wa ngamia, na bobari zangu zote zinapita hapo.

Namna ya kunyoosha: kioo kinene au kigae kilichonyooka, msasa wa maji juu yake, maji mengi. Chora mistari ya penseli jiwe zima, sugua, chora tena. Penseli ikifutika yote kwa pamoja umefika. Usisugue kavu, vumbi la mawe yenye kwatsi ni baya kwa mapafu. Na usiishie msasa wa P120. Punje zake zina wastani wa maikroni 125 (maikroni elfu moja ni milimita moja), zitaacha mifereji juu ya jiwe na jiwe litakwaruza badala ya kulainisha. Panda P240, P400, malizia P1000 ambayo ni maikroni 18 hivi.

Kijana wa Randa

Swali la kijinga: sasa ni la maji au la mafuta? Hamjajibu.

Fundi Bobari

Si la kijinga. Kwa jiwe lisilokunywa, kimiminika kazi yake ni kubeba unga wa chuma usizibe uso. Maji yanafaa, mafuta mepesi yanafaa. Alishaliosha, basi atumie maji na tone la sabuni ili yatandae yasikimbie. Akiamua kurudi kwenye mafuta pia jiwe halitanuna. Asichanganye tu siku moja hiki, kesho kile, atapata ugali mweusi.

PatasiButu

Wakuu, ripoti.

Upande wa chini ulikuwa karibu kunyooka kama Fundi Bobari alivyosema, ila kona moja ilikuwa chini na ndiyo iliyonimalizia msasa. Karatasi tano za P120, mbili mbili za zilizofuata. Na kosa nililifanya: siku ya kwanza niliishia P240 kwa uvivu, nikasema acha nijaribu. Patasi ikatoka na mikwaruzo mikubwa kuliko iliyoingia nayo. Nikadhani mmenidanganya wote. Kesho yake nikapanda mpaka P1000, nikasugua pia kwa kipande cha chuma bapa kwa dakika kumi, na jiwe likawa jingine kabisa. Uso ule ule, mkono ule ule.

Safari hii sikuanza na jiwe la mjomba. Nilichukua patasi yake ya milimita 18, nikainoa kwenye kinoo cha kiwandani namba 1000 mpaka kile kiuzi chembamba cha chuma kinachotokea kwenye makali kikajikunja upande wa pili kutoka kona hadi kona. Hapo ndipo nikahamia kwenye sleti. Ukiwa unanoa kwenye lile la kiwandani unasikia mkwaruzo, shaa, shaa. Kwenye hili hakuna sauti, kuna kuvuta tu, kama patasi inataka kunata. Maji yakaanza kuwa kijivu baada ya kama mipigo ishirini, kwa hiyo linakula, ila kwa adabu. Mipigo themanini upande wa mshazari wa makali, michache mgongoni, nikageuza tena, kiuzi kikaisha bila kukivunja kwa nguvu.

Chini ya kioo cha kukuzia, mikwaruzo ya namba 1000 ilikuwa imebaki mistari miwili mitatu tu karibu na kona, kwingine ukungu laini wa kijivu. Si mng'aro wa kioo. Nikachukua kipande cha mbao laini, nikakata kichwani mwa ubao, pale nyuzi zinapokatika, mahali ambapo patasi zangu zote hubomoa na kuacha vitundu. Kikatoka kipande chembamba kimoja kizima, na mbao ikabaki nyororo mpaka pete za mti zinasomeka. Nikakata tena. Na tena. Nikamaliza ubao.

Kisu cha jikoni nimekirudisha kwenye kile cha kiwandani, kinakata vizuri, sikipeleki tena kwenye sleti. Patasi nne na bapa la randa ndiyo familia ya hili jiwe. Bonde nimeliacha kwa upande wa pili kwa ajili ya shoka.

Jambo moja nje ya mada. Jioni nilimwonyesha mama ile kona iliyovunjika nikimweleza habari za tabaka na ushahidi, na dada mmoja wa mtandaoni aliyenifungua macho. Akaniangalia akacheka mpaka akakaa chini. Anasema kona ile niliivunja mimi. Nilikuwa na miaka minne, nilikitoa kwenye kijisanduku nikakiangusha sakafuni, na mjomba hakuongea na mtu siku nzima.

Bi Tupa

Basi "We! Weka hapo" ilikuwa na haki yake.

Mnoaji wa Zamani

Na wembe? Umejaribu wembe?

PatasiButu

Mzee, nimenoa mmoja jana usiku. Nimenyoa shavu la kushoto. La kulia nangoja damu ikauke kwanza, na hiyo si lawama ya jiwe, mkono ulitetemeka.